Ng'ombe wamelipwa, damu je?

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Kongwa, Kiteto, Mpwapwa na Chemba, na karibu zote zinazunguka jambo moja: kijiji kilichopigana kianze na haki au kianze na amani? Tumechagua tano. Anayejibu ni mwanasheria wa safu hii akisaidiana na afisa kilimo, kwa kuwa ugomvi mwingi unaofika mezani kwa mwanasheria ulianzia kwenye tuta la mahindi. Majina ya watu na vijiji tumeyaacha makusudi.

Shikamooni wazee wa safu. Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji upande wa Kongwa, tunapakana na Kiteto. Mwezi Mei mifugo ililishia mashamba, wakulima wakawakata ng'ombe kwa panga, na jioni vijana wa pande zote wakakutana mbugani. Kijana mmoja alifariki, wanne walijeruhiwa. Wazee wamekaa siku tatu wakakubaliana: familia ya marehemu ipewe ng'ombe kumi, waliolishiwa wapewe mbuzi, kisha familia ikafute kesi polisi, maana "yaliyopita si ndwele, tugange yajayo". Mama wa marehemu hataki, na sasa anaambiwa yeye ndiye anayeharibu amani. Tufanyeje? (Mjumbe, Kongwa)

Marahaba. Mama huyo haharibu kitu. Kosa ni la mapatano yenyewe: mmefunga mambo manne katika mzigo mmoja. Ufungueni. Kuna kifo, kuna majeraha, kuna mazao na ng'ombe, na kuna njia ya mifugo iliyozaa hayo yote, ambayo tunaijibu kwenye barua ya mwisho. Kila moja lina mlango wake.

Kifo kwanza. Kesi ya mauaji si mali ya familia, kwa hiyo familia haina cha kufuta. Mshitaki ni Jamhuri, na mwenye mamlaka ya kuiondoa kesi hiyo mahakamani ni Mkurugenzi wa Mashtaka. Kinachowezekana kijijini ni kuwanyamazisha mashahidi tu, na hicho ndicho wazee wanachokiomba bila kukitaja. Mtu anayepokea mali kwa ahadi ya kuficha kosa kubwa la jinai anatenda kosa yeye mwenyewe, na anayemshawishi shahidi asifike mahakamani ana kosa lake. Mwambieni hivyo kila mzee aliyekaa kwenye kikao, tena kwa heshima, kwa sababu wengi hawajui.

Je, ng'ombe kumi ni haramu? Hapana. Waiteni kwa jina lao: kifuta machozi. Watolewe bila sharti, na mama awapokee au awakatae kwa hiari yake. Ikiwa mwisho wa kesi mshitakiwa atatiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, jaji ana nafasi pana ya kupima adhabu, na jambo hilo linaweza kutajwa mbele yake. Likithibitika la kuua kwa kukusudia, nafasi hiyo haipo.

Wazee wanaogopa kwamba kesi italeta vita upya. Hofu yao ina msingi, lakini tazameni malipo ya ukoo yanavyofanya kazi. Ng'ombe kumi huchangwa: huyu mmoja, yule mmoja. Aliyeshika mkuki anaweza asitoe hata kwato. Ukoo ukishalipa, ukoo wote ndio uliokiri, na tangu siku hiyo kila kijana wake anayepita kisimani anatazamwa kama muuaji. Mahakama ikifanya kazi yake vizuri inakwenda kinyume chake: inamtaja mtu mmoja au watatu, na waliobaki mia mbili wanatoka katika orodha ya maadui. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo faida ya amani iliyomo ndani ya kesi, na haisemwi vya kutosha.

Haki nayo huharibika, na mara nyingi huharibika siku ya kwanza. Gari la polisi linafika, waliokimbia hawapo, wanaokamatwa ni waliokutwa nyumbani. Baada ya miezi kadhaa kesi inaanguka kwa kukosa ushahidi, na pande zote mbili zinaondoka zikiamini zimeonewa. Uongozi wa kijiji unaweza kuzuia hili. Andikeni orodha ya walioona kwa macho, kila mmoja aongee na mpelelezi peke yake. Msiwakusanye mashahidi kwenye mkutano wa hadhara, kwani wa kwanza akishasema, wengine hurudia maneno yake na wakili atawararua. Panga, rungu na mishale visiguswe wala kuoshwa hadi vikabidhiwe. Majeruhi wachukue fomu ya PF3 polisi kabla ya matibabu au mara tu baada ya huduma ya kwanza, na daktari ajaze humo ukubwa wa jeraha. Bila hiyo, mkono uliovunjika huishia kuelezwa kortini kama "maumivu".

Majeraha yenyewe yanagawanyika. Shambulio la kawaida, ngumi na fimbo zisizoacha madhara makubwa, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inairuhusu mahakama kulisuluhisha kwa fidia ikiona maslahi ya umma hayadai adhabu. Hapo wazee wana kazi halali, na mapatano yao yapelekwe kwa hakimu ayaidhinishe. Kukatwa panga na kupata ulemavu hakumo humo.

Sasa mazao, maana hapa ndipo watu hudanganyana. "Waliolishiwa wapewe mbuzi" si hesabu. Pimeni eneo lililoingiwa kwa hatua, ekari moja ikiwa kama hatua 70 kwa 70. Chagueni sehemu tano ndani yake, mbali na ukingo, kwa sababu ukingoni uharibifu huwa mkubwa na mkulima atavutia huko. Katika kila sehemu pimeni mita 10 za mstari na mhesabu mashina yaliyoliwa na yaliyosimama. Kwa nafasi ya sentimita 30 mtakuta mashina kama 33 kwa kila mita 10, yaani 165 kwa sehemu zote tano. Kama 99 yameliwa, hasara ni asilimia 60, na ekari 3 zilizoingiwa zinahesabiwa kuwa ekari 1.8 zilizopotea. Idadi ya magunia kwa ekari ichukuliwe kutoka shamba la jirani lisiloguswa msimu huohuo, bei ichukuliwe soko la Kibaigwa wakati wa mavuno, kisha mtoe gharama ambazo mkulima hakuzitumia: kuvuna, kupukuchua, magunia na usafiri. Afisa ugani aandike na kusaini, na mwenye mifugo awepo akihesabu naye. Hesabu iliyofanywa na upande mmoja hukataliwa hata ikiwa sahihi.

Mei hakuna cha kusubiri. Lakini mahindi yakiliwa Januari yakiwa hayajafika magotini, pimeni mara mbili: siku ileile na baada ya siku 14. Kiini cha ukuaji cha mahindi machanga bado kiko chini ya udongo, na mengi huchipua upya. Mtama ndio zaidi. (Wafugaji nao wajihadhari: machipukizi ya mtama uliokatwa au kunyaukia jua yana sumu inayoweza kuua ng'ombe kwa muda mfupi, na hapo huzuka madai mapya ya "mmewawekea sumu".)

Ng'ombe waliokatwa nao wana thamani yao, na mkulima aliyewakata anadaiwa. Kulishiwa hakumpi mtu ruhusa ya kukata mifugo. Afisa mifugo athamini, na madai yakikatana, yakatwe waziwazi kwenye karatasi: huyu anadai kiasi hiki, yule anadai kiasi kile, salio ni hili. Msiseme "tumesameheana nusu kwa nusu".

Karatasi hiyo iwe na nini? Majina ya wanaodaiana mmoja mmoja, si "wafugaji" na "wakulima". Kiasi, na tarehe ya kila awamu ya malipo. Awamu ya kwanza ilipwe mezani siku ya kusaini. Mapatano yanayoanza kwa ahadi tupu huwa hayafiki mavuno yanayofuata. Nini kitatokea awamu ikipita. Saini au dole gumba la waliopata hasara wenyewe, wakiwemo wanawake, kwa sababu shamba lililoliwa mara nyingi ni la mama na anayesaini ni shemeji yake. Nakala nne: kila upande, ofisi ya kijiji na baraza la kata. Na mstari mmoja usikosekane: *Makubaliano haya hayahusu kesi ya kifo cha marehemu wala hayamzuii mtu yeyote kutoa ushahidi.*

Nililishiwa ekari mbili za alizeti. Nilikwenda baraza la kata wakaniambia siku hizi hawahukumu, wanapatanisha tu. Je, wananikwepa? (Mama wa wanne, Mpwapwa)

Hawakukwepi. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, mabaraza ya kata hayaamui tena migogoro ya ardhi. Yanasuluhisha, na yakishindwa yanatoa hati ya kueleza hivyo, ambayo unaipeleka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila suluhu unaweza kwenda huko hata bila hati. Kupatanisha si kazi ndogo waliyobakiziwa kwa huruma. Tangu mwanzo Sheria ya Mabaraza ya Kata ya 1985 iliyataja mabaraza haya kuwa ya kulinda amani na utulivu kwa kutafuta suluhu ya haki, na maneno hayo mawili, suluhu na haki, yamekaa katika sentensi moja.

Ila mama, mlango uliobisha huenda si wako. Mgogoro wa ardhi ni wa kubishania shamba ni la nani au mpaka uko wapi. Kama hakuna anayebisha kwamba shamba ni lako, na unachodai ni thamani ya alizeti, hayo ni madai ya fidia. Mkishindwa kupatana yapeleke Mahakama ya Mwanzo. Nenda na karatasi ya tathmini, picha za shamba, na shahidi anayemjua mwenye ng'ombe kwa chapa au kwa mchungaji. Madai mengi huanguka hapo penye "ng'ombe walikuwa wa nani". Ukihitaji msaada wa kuandika, wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 hawatozi malipo. Uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako.

Nasoma Chuo Kikuu cha Dodoma. Darasani tumebishana kuhusu nchi zilizotoka kwenye umwagaji damu: Rwanda walihukumu, Afrika Kusini wakasamehe, Msumbiji wakanyamaza. Nani alipatia? (Mwanafunzi, Dodoma)

Mgawanyo huo ni mzuri ubaoni, lakini chini ya kila neno kuna hesabu.

Afrika Kusini hawakusamehe tu. Tume ya Ukweli na Maridhiano, ya kuchunguza maovu ya enzi ya ubaguzi wa rangi, iliundwa kwa sheria ya 1995, ikaongozwa na Askofu Desmond Tutu, ikaanza kusikiliza watu hadharani Aprili 1996. Msamaha wake ulikuwa na masharti: mtu aombe kwa jina lake, aeleze ukweli wote, na aonyeshe kwamba tendo lilikuwa la kisiasa. Waombaji 7,112, waliopewa 849. Kilichoharibika ni cha baadaye. Wengi walionyimwa msamaha hawakushitakiwa. Na aliyesamehewa alikuwa huru papo hapo, ilhali fidia kwa waathirika ilisubiri hadi 2003, ikatoka randi 30,000 mara moja, badala ya malipo ya kila mwaka kwa miaka sita ambayo Tume ilipendekeza. Muuaji alijibiwa kabla ya mjane. Mjumbe wa Kongwa aliyeandika hapo juu alitazame hilo kwa makini.

Rwanda nao walikuwa na ngazi zaidi ya moja. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa Novemba 1994 na kufungwa Desemba 2015. Iliwashitaki watu 93 tu, wengi wakiwa viongozi. Tarehe 2 Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, hukumu ya kwanza ya mauaji ya kimbari kutolewa na mahakama ya kimataifa. Waliobaki walikuwa wengi mno kwa majaji wa kawaida, na magereza yalikuwa yamefurika. Ndipo gacaca ikafufuliwa: majirani wenyewe wakiwa waamuzi, nyasini. Ilisambaa nchi nzima mwaka 2005, ikafungwa Juni 2012 baada ya kusikiliza mashauri karibu milioni 1.9. Aliyekiri na kuonyesha miili ilikofukiwa alipunguziwa kifungo, na sehemu ya adhabu akaifanya kwa kazi za jamii. Familia nyingi zilipata kuzika kwa njia hiyo. Lakini mshitakiwa hakuwa na wakili, baadhi ya waamuzi iligunduliwa kwamba nao walishiriki mauaji, na makosa ya askari wa upande ulioshinda vita hayakusikilizwa hapo.

Msumbiji, baada ya mkataba wa Roma wa 4 Oktoba 1992, walipitisha msamaha na hawakufungua kesi wala tume. Vijijini hawakunyamaza kabisa: waganga na makanisa waliwapokea wapiganaji kwa ibada za kuwatakasa kabla hawajaingia nyumbani. Mapigano yalirudi 2013 na mkataba mwingine ukasainiwa Agosti 2019. Sisi hatukubali kwamba yalirudi kwa sababu ya kukosa mahakama tu. Silaha zilizobaki mikononi na ugomvi wa madaraka vilitosha. (Wakongwa wana haki ya kuzifuatilia Msumbiji na Afrika Kusini kwa karibu. Wapigania uhuru wao, FRELIMO wa Msumbiji na ANC wa Afrika Kusini, wote walikuwa na kambi Kongwa miaka ya sitini.)

Mngeongeza Sierra Leone. Mkataba wa Lomé wa Julai 1999 uliwasamehe wapiganaji wote wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwakilishi wa Umoja wa Mataifa aliposaini aliongeza kwa mkono wake kwamba kwa upande wa Umoja huo msamaha hauhusu mauaji ya kimbari, makosa dhidi ya ubinadamu wala makosa ya kivita. Watu waliona ni kalamu ya kuharibu sherehe. Mwaka uliofuata mapigano yalizuka tena, na ilipoundwa Mahakama Maalumu mwaka 2002 mlango ulikuwa haujafungwa. Mahakama hiyo ilimhukumu Charles Taylor, aliyekuwa rais wa Liberia, miaka 50 mwaka 2012. Ule mstari mmoja tuliomwomba mjumbe auweke katika karatasi ya kijiji ni wa ukoo huo.

Nani alipatia? Tungepima kwa swali dogo: aliyefiwa alipata nini, na lini?

Kiongozi wetu aliniita mbele ya mkutano nimkumbatie mtu aliyechoma nyumba yangu, watu wapige makofi. Nilikumbatia. Sasa nasikia sina haki ya kudai. (Msomaji, Chemba)

Una haki. Kumkumbatia mtu si stakabadhi. Kuchoma nyumba makusudi ni kosa kubwa la jinai, na fidia ni dai lako tofauti. Hakuna linalokufa kwa makofi. Viongozi wanaosoma hapa: msimwite mtu kusamehe hadharani bila kumuuliza faraghani siku kadhaa kabla, tena akiwa na ndugu yake pembeni. Akisema bado, mwacheni.

Sisi vijiji vitatu tumechoka. Kila mwaka suluhu, kila mwaka mapigano. Tuanzie wapi ili mwakani yasirudi? (Mwenyekiti wa kijiji, Kiteto)

Anzeni na ardhi. Anayedhani ni jambo dogo akumbuke Rudewa Mbuyuni, Kilosa, ambako Desemba 2000 mgogoro wa wakulima na wafugaji uliua watu 38.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu vijiji kukubaliana matumizi ya pamoja, na ina kifungu mahsusi cha wakulima na wafugaji kugawana matumizi ya ardhi. Wilayani kwenu mna mfano: vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha maeneo yao ya malisho, zaidi ya hekta 20,000, chini ya jina OLENGAPA linalotokana na majina ya vijiji hivyo. Nendeni mkaulize walikokwama kabla hamjauliza walikofaulu.

Utaratibu kwa ufupi: mipaka ya kila kijiji iwe imepimwa na cheti cha ardhi ya kijiji kipo; kamati ya pamoja itembee ardhini ikiwa na wakulima, wafugaji na wanawake; ramani ipitishwe na mkutano mkuu wa kila kijiji, si halmashauri ya kijiji pekee; sheria ndogo zipelekwe halmashauri ya wilaya zikaidhinishwe. Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba na angalau watatu wanawake, liwe hai kabla ya ramani kukamilika, kwani manung'uniko huanza siku ya kupigilia vigingi.

Mipango hii hufia mahali palepale. Njia ya mifugo inachorwa na haina maji mwisho wake, hivyo ng'ombe wataiacha tu. Fuateni lambo kwanza, njia baadaye. Au njia inaachwa nyembamba, kundi likikutana na lingine linamwagikia shambani. Au vigingi ni vya mti, mchwa wanavila kwa msimu mmoja. Wekeni vya zege au pandeni minyaa pembeni. Au mapito yanalimwa kidogokidogo na wenyeji wenye jina kijijini, na hakuna anayethubutu kuwatoza faini. Hilo la mwisho halina dawa ya kiufundi.

Mkubaliane pia tarehe. Mabua baada ya mavuno ni chakula cha mifugo na samadi ni faida ya shamba, lakini wa kwanza kumaliza kuvuna hufungulia ng'ombe wakati jirani bado ana mtama umesimama. Tajeni siku moja ya kufungua mashamba kwa kila kitongoji, itangazwe na mtendaji. Tangazo hilo na nakala ya ramani msiviache ofisini pekee. Vibandikeni mnadani, kwa sababu mchungaji anayetoka mbali hapiti ofisi ya kijiji, ila mnadani lazima apite.